Mgomba wa Kiangazi

Mgomba wa kiangazi hunywa maji ya mtu.

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema bibi yenu Namsifu asubuhi hii, alipopita hapa uani na mkongojo wake akaikuta pikipiki ya Sifaeli imeoshwa mpaka inameremeta. Aliitazama, akayasema, akaenda zake jikoni. Ninyi mkacheka, kisha mkanijia mimi kuniuliza yametoka wapi, kwa sababu mnajua yeye hapendi kuulizwa. Mimi nimechoka, magoti yananiuma, na tangu maji ya bomba la kijiji yakatike juzi sijaoga nikatakata. Lakini kaeni, nitawaeleza, maana mtu asipoelezwa huzeeka na maneno mdomoni asiyoyajua. Miriamu, mkewe Sifaeli, simwoni. Basi mtamsimulia akirudi.

Msemo huu haukuletwa na wahenga wa mbali. Ulizaliwa hapa nyumbani kwetu, na kilichouzaa ni bomba la maji lililofukiwa ardhini.

Baba yangu, ambaye ni baba wa babu yenu Elinazi, aliitwa Elieneza. Alikuwa mtu wa kufanya mambo yake mwenyewe. Nilipokuwa msichana, maji yote ya nyumba hii yalitoka mtoni, kule chini bondeni, na aliyeyabeba zaidi ni mama yangu, Nakunda. Njia ile mnaijua. Unashuka na ndoo tupu na bado magoti yanatetemeka, sembuse kupanda nayo imejaa. Siku moja ya mvua mama aliteleza kwenye lile jiwe la konani akiwa mjamzito, na mtoto yule hakuzaliwa hai. Kijiji kilipojenga tangi kule juu karibu na kanisa, yeye alikuwa wa kwanza kuomba aunganishiwe maji.

Alinunua mabomba ya chuma, akachimba mtaro peke yake, jioni kwa jioni, baada ya kazi za kahawa. Mtaro wenyewe haukunyooka hata kidogo. Alipokuta mwamba aliuzunguka, alipokuta mkahawa unaozaa vizuri aliupisha, akakata katikati ya migomba, akatokea hapo mnapoiona koki. Watu walimshauri aweke vigingi vya kuonyesha bomba limepita wapi. Akasema haina haja, yeye mwenyewe si yupo? Siku maji yalipotoka, mama alichukua ngata yake, ile ya kuwekea ndoo kichwani, akaitupa motoni mbele yetu sote, na hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Miaka ikaenda. Mimi nikaolewa ng'ambo ya bonde, Elinazi akabaki hapa na wazazi. Kisha baba akafa ghafla, jembe mkononi. Kwetu mtu huzikwa nyumbani kwake, kati ya migomba yake, na mama alichagua mahali penyewe. Vijana wa kijiji wakachimba, wakiongozwa na Kajiru, jirani yetu, rika moja na kaka yangu. Sasa, kijiji chetu kina mwiko mmoja ambao lazima niwakumbushe, maana ninyi wa siku hizi mnazika kwa haraka na kupiga picha. Anayechimba kaburi hasemi alichokikuta humo. Akikuta jiwe, akikuta maji, akikuta mfupa wa kale, anashughulika nacho na kunyamaza, kwa sababu mfiwa akisikia hatalala akitafuta maana yake. Ya kaburini hubaki kaburini. Siutukani mwiko huo, umezuia maneno mengi mabaya.

Mwaka uliofuata Elinazi akamwoa Namsifu. Alikuja hapa mwembamba, mrefu, mgongo umenyooka, anacheka kwa sauti mpaka mama akawa anamwambia apunguze kidogo kwa ajili ya majirani. Hamwezi kuamini, lakini ndivyo alivyokuwa.

Wakati huo maji ya koki yalikuwa yameanza kupungua. Hayakukatika ghafla. Yalipungua kidogo kidogo, mpaka ndoo moja ikawa inajaa wakati mtu amekwisha kufua na kuanika. Elinazi akalaumu tangi, lakini majirani wanaotumia tangi hilo hilo walikuwa na maji. Akabadilisha koki. Ile mpya nayo ikadondosha vile vile kama ya zamani, ila hii iling'aa. Namsifu akasokota ngata, akaanza kushuka mtoni.

Hapo ndipo kikaja kile kiangazi ambacho wazee wenzangu mpaka leo hawapendi kukitaja. Ardhi ilipasuka mpaka kuku wakawa wanatia mguu kwenye nyufa. Migomba ya kijiji kizima ikageuka rangi ya gunia, majani yakaning'inia, na mikungu ikakomaa na ndizi nyembamba zisizomenyeka. Isipokuwa michache. Migomba iliyozunguka kaburi la baba ilisimama imenenepa, majani mapana, mikungu inainamisha shina mpaka ikawekewa miti ya kuiegemeza.

Watu walikuja kuitazama. Kwanza walikuja wanawake wa jirani, kisha wa vijiji vya juu, kisha mchungaji mwenyewe, ambaye alivua kofia akasema mwenye haki hata kaburini hustawi. Mama alifurahi, na sikuwa nimemwona akifurahi tangu msiba. Kila asubuhi baada ya sala alibeba kigoda chake, akaenda kukaa pale kaburini chini ya kivuli kile cha kijani, akazungumza na baba taratibu. Aliyekuja alipewa ndizi au chipukizi la kwenda kupanda. "Mzee hajatuacha," alikuwa akisema. "Tazameni wenyewe."

Na wakati mama anasema hivyo, Namsifu alikuwa njiani na ndoo. Alikwenda asubuhi akarudi, akaenda tena, jioni tena, na mtoto mgongoni, huyo ambaye ni baba yake Sifaeli. Mto wenyewe ulikuwa umebaki vidimbwi, ikabidi kusubiri zamu na kuchota kwa kopo. Kucheka kuliisha kwanza. Kisha kuongea. Nilikuja Jumapili moja baada ya ibada nikamkuta amekaa kizingitini, ngata bado iko kichwani, ameisahau. Nikamwambia, "Wifi, pumzika." Akanijibu, "Nikipumzika mtapika na nini?" Hakusema kwa hasira. Alikuwa amechoka tu, na uchovu wa namna ile unatisha kuliko hasira.

Elinazi aliona, naye akaita fundi wa mabomba kutoka mjini, mtu mmoja aitwaye Senkondo, mnene, mwenye kulalamika kuhusu kila kitu, kuanzia mlima wetu mpaka chai yetu. Senkondo alichimba karibu na tangi, akakuta kipande cha bomba kimeoza kwa kutu, akakikata akaweka kipya. Sote tukashangilia. Kumbe alikuwa ameyaongezea maji nguvu ya kwenda kupotea. Kesho yake koki haikutoa hata tone, na migomba ya kaburini ikazidi kustawi. Mama akamshukuru Mungu. Senkondo akatukana kwa Kipare na kwa Kiswahili, akachukua sururu, akaanza kulitafuta bomba ardhini kutokea juu kushuka chini. Alikosea mara kwa mara, maana alitarajia mtaro ulionyooka, naye baba hakunyoosha kitu. Mpaka alipofika kwenye migomba, akasimama, akatazama viatu vyake.

"Mama," alisema, "huku kote ardhi ni mwamba. Hapa nikikanyaga kiatu kinazama. Bomba lenu limepasuka hapa chini."

"Hapo amelala mume wangu," mama akajibu bila kuinuka kwenye kigoda.

"Mzee sitamgusa. Nitachimba pembeni."

"Pembeni ya kaburi ni kaburi, baba. Na hii migomba si ya bomba. Nenda jikoni ukanywe chai, kisha ukatafute kwingine."

Senkondo akamgeukia Elinazi. Elinazi alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Hapo ndipo Namsifu alipotokea na ndoo, akayasikia yote. Alitua ndoo polepole, bila kumwaga.

"Mama, mimi sigombani nawe," alisema. "Hata nguvu ya kugombana sina. Kesho nakwenda kwetu nikapumzike."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokuwa nimepumzika."

Kila aliyekuwa pale alielewa. Mwanamke akisema hivyo, na akasema kwa upole, hazungumzii wiki mbili. Elinazi alikuwa anaelekea kubaki bila mke, mama bila mkwe, na yule mtoto angekulia kwa wajomba. Mama naye alilielewa, lakini alikuwa amepewa mume wake mara ya pili, na hakuwa tayari kumrudisha.

Asubuhi Namsifu hakwenda kwao, kwa sababu hakuweza kuinuka. Mgongo ulikuwa umekataa. Alilala ameikunja miguu, jasho linamtoka, hawezi hata kumgeukia mtoto. Elinazi akakimbia kwenda zahanati kutafuta msaada. Ndani ya nyumba hakukuwa na maji ya uji wala ya kumpoza mgonjwa. Mtoto analia, moto unawaka bila sufuria juu yake. Mama akasimama mlangoni, akaitazama ndoo.

Alikwenda kaburini, akabandua ganda kavu la mgomba, akalisokota ngata. Kisha akashuka mtoni, yeye mwenyewe, pamoja na uzee wake. Sikuwapo. Yaliyotokea huko aliyanisimulia mwenyewe, na Kajiru naye akanisimulia, na maneno yao hayakutofautiana.

Alipokuwa anapanda, amefika kwenye jiwe la konani, Kajiru alikuwa hapo anakata majani ya ng'ombe. Alipoona ni nani amebeba ndoo, alidondosha mundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Namsifu yuko wapi?"

"Amelala. Mgongo umemkatalia. Nipishe, mwanangu, nikisimama sitaanza tena."

Kajiru hakumpisha. Alimtua ndoo, akaiweka juu ya jiwe, akabaki ameishika kwa mikono miwili.

"Mama, nina neno la kaburini."

"La kaburini halisemwi."

"Najua. Nimelinyamazia tangu siku ile. Lakini sikulinyamazia ili wewe uje ubebe ndoo." "Tulipochimba tulikuta bomba limepita pale pale. Siku ile maji yalikuwa yamefungwa kwenye tangi, bomba lilikuwa kavu. Jeneza limeshatoka ndani, nyimbo tunazisikia zinakuja. Tukalipinda bomba, tukalisukumia pembeni, kiungio kikaachia. Nikakifunga kwa mpira wa baiskeli. Nilidhani utashika. Nilipoiona migomba inanawiri kiangazi hiki, nikajua haukushika."

"Ukanyamaza."

"Watu wote wanasema ni baraka, mama. Mimi ni nani nije nikwambie baraka yako inavuja?"

Mama alikaa kwenye jiwe. Kajiru anasema alikaa mpaka akaogopa kwamba na yeye ameumia. Alikuwa anatazama ndoo ile, maji yametulia ndani yake.

"Unajua kwa nini Elieneza alichimba mtaro ule?" aliuliza.

"Kwa ajili ya maji."

"Kwa ajili ya jiwe hili. Hapa ndipo nilipoanguka. Mtoto wangu alipotea hapa. Elieneza alichimba peke yake mpaka mikono ikatoka damu, ili mimi nisipite hapa tena." Alifuta uso kwa khanga. "Kitu alichoniachia kilikuwa hicho. Si ndizi. Na mimi nimekaa kivulini nashukuru ndizi, maji yake yanamwagika, na mtoto wa watu anapita hapa hapa na mjukuu wangu mgongoni. Kumbe mgomba wa kiangazi hunywa maji ya mtu."

Kajiru akataka kumbebea ndoo. Akakataa. Alisema ile aachwe afike nayo mwenyewe.

Alimkuta Namsifu macho wazi. Alimnywesha, akamkanda mgongo kwa maji ya moto, akampikia mtoto uji. Kisha akamwambia, "Mwanangu, ukiweza kusimama nenda kwenu ukapumzike. Sikuzuii. Ila siku utakapotaka kurudi, hutakuta ndoo mlangoni." Namsifu aligeuza uso ukutani akalia, na mama akabaki amekaa hapo kitandani naye. Baada ya siku chache ndugu zake walikuja wakamchukua kwa machela, maana kupanda gari hakuweza.

Senkondo akaitwa tena, akaja huku analalamika. Mama alimwambia kaburi halitaguswa, naye akakubali, kwa sababu maji yangeweza kupitishwa kwingine. Walilikata bomba la baba juu ya migomba na chini yake, wakaziba midomo yake, wakaliacha limelala na mwenyewe. Kisha wakachimba mtaro mpya kwa ajili ya bomba la plastiki, lile jeusi linalokuja limeviringishwa. Mama ndiye aliyechora njia yake. Alitembea na mkongojo kutoka kwenye tangi, pembeni ya barabara ya miguu, mahali ambapo kila mtu anaona, akiburuza ncha ardhini. Ardhi ilikuwa ngumu, sururu zilirudi juu. Elinazi alichimba, Kajiru alichimba, mume wangu naye akaja kuchimba, na jioni watu walikula wakalala na vumbi miguuni. Hakuna aliyeimba. Kazi ile haikuwa na wimbo.

Kabla ya kufukia, Senkondo alifungulia maji akapitisha mkono kwenye kila kiungio kuona kama panavuja. Ndipo mama akaita watu wote wa nyumba hii, wakubwa kwa watoto, tupite ndani ya mtaro, mmoja nyuma ya mwingine, toka juu mpaka kwenye koki. Alisema hataki tena bomba linalojulikana na mtu mmoja. Ndiyo maana hata ninyi, lilipobadilishwa juzi juzi, mlipitishwa mtaroni mkadhani wazee tunacheza.

Namsifu alirudi mvua zilipokaribia. Alitembea taratibu kutoka barabarani, ameinama, mtoto kashikwa na Elinazi. Hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye koki, akaifungulia, akatazama maji yakitoka kwa nguvu yakimrukia miguuni. Kisha akaifunga, akamwamkia mama, akaingia.

Migomba ya kaburini ilikuwa imeshabadilika. Majani yalipauka, yakachanika, yakawa kama ya migomba mingine yote. Watu waliacha kuja. Namsifu, kwa moyo wake, alitaka awe anaimwagia maji ya kuoshea vyombo. Mama akamzuia. "Iache," alisema. "Nayo ionje kiangazi kama wenzake." Lakini kigoda hakukiondoa. Aliendelea kwenda kukaa pale kila asubuhi, kwenye kivuli ambacho hakikuwa kivuli tena. Nilimwuliza kama hasikitiki. Akaniambia, "Nasikitika sana. Nilikuwa nimeshamzoea akiwa wa kijani."

Mvua zilinyesha, kila kitu kikaota, kama kawaida. Mgongo wa wifi yangu ndio haukunyooka tena. Mnamwona anavyotembea. Ninyi mnadhani ni uzee, kwa kuwa mlimkuta hivyo. Alikuwa hajafika umri wako, Sifaeli, mgongo ule ulipoharibika, na ulinywewa na migomba ambayo watu walivua kofia kuitazama.

Basi, chanzo ndicho hicho. Mnaweza kwenda. Wewe subiri kidogo, Sifaeli. Pikipiki yako inapendeza, sikatai, hata mimi nikipanda nitajiona bibi harusi. Ila bomba limekauka tangu juzi, na nimekuona ukiiosha povu likitiririka mpaka barabarani. Ndoo zile mbili za bluu hazipo ukutani, ngata haipo kwenye msumari wake, na Miriamu sijamwona tangu asubuhi. Nenda ukampokee, yuko njiani anapanda. Na ukifika kwenye jiwe la konani, ukimkuta amekaa, usimwulize kwa nini amechelewa. Mgomba wa kiangazi hunywa maji ya mtu.